Mpaka Uliokutwa Jikoni

Kwenye kaburi la Abdías Collazos, pale makaburini Rayancancha, kuna maneno ambayo mjane wake aliyachagua mwenyewe. Wengine huandikiwa "Pumzika kwa amani", kana kwamba marehemu alikuwa na mpango mwingine. Mwalimu Etelvina Roldán alitaka neno lenye uzito. Alifungua Biblia mahali Musa anapokataza watu kuondoa alama za mipaka ya jirani, akamwita fundi, akasimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho ilipochongwa: HAKUHAMISHA MPAKA WA MTU.

Hakuna aliyeyabishia. Abdías alikuwa mgawa maji wa kijiji kwa miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo hakujiongezea hata dakika moja ya zamu ya mfereji. Mvua ilipokosekana na viazi vikakauka, vya kwake vilikuwa vya kwanza kukauka. Ndiyo maana Mwalimu Etelvina alipopita sokoni watu walivua kofia, nusu kwa heshima ya mumewe, nusu kwa kukumbuka rula yake. Alikuwa amefundisha shule ya pale kwa miaka thelathini na minne, na hapakuwa na mkulima chini ya miaka sitini ambaye kiganja chake hakikuijua ile rula.

Alipotimiza miaka sabini na minne aliamua kumkabidhi shamba binti yake wa pekee, Magna, angali hai na akili zake zikiwa timamu. Mama mkwe wake alikufa bila kumgawia mtu chochote, na wanawe saba waligombea mkaratusi mmoja wa uani kwake kwa miaka kumi na moja, mpaka mti wenyewe ulipochoka ukaangukia paa la kaka mkubwa.

"Mimi sitaki mti uniamulie," alisema Mwalimu.

Hati ya mjini ilichukua asubuhi moja tu. Lakini Rayancancha hati ya mjini ni kama barua ya mwaliko. Shamba lenyewe hukabidhiwa kwa mwili. Hakimu wa kijiji humshika mkono mmiliki mpya, akamtembeza kwenye alama zote za mpaka, watu wote wakishuhudia. Kwenye kila alama mmiliki hung'oa nyasi na kurusha mabonge ya udongo pande nne. Kwenye alama ya mwisho hulala chini akagaagaa, ardhi impate na yeye aipate, na hakimu huuliza mara tatu kama kuna anayepinga. Asiyegaagaa hana shamba, hata awe na mihuri kumi ya serikali.

Magna alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa mfamasia huko mjini Huaraz, mwenye duka lake na koti lake jeupe. Alikuja Ijumaa jioni akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa.

"Mama, mimi nina shahada. Siwezi kugaagaa mbele za watu kama punda aliyeshushwa mzigo."

"Baba yako aligaagaa na suti ya harusi."

"Baba hakuwa na wateja wa kumwona."

"Alikuwa na mimi."

Magna aliomba basi shughuli isogezwe mbele, angalau anunue suruali ya kazi. Haikuwezekana. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Nazario Cueva kushika fimbo ya uhakimu. Jumatatu fimbo ingekwenda kwa Eleuterio Picón, jirani yao wa upande wa chini, ambaye shamba lake lilipakana na lao. Mwalimu Etelvina hakuwa na ugomvi na Eleuterio. Ila hakutaka jirani awe pia hakimu, siku ambayo mpaka wenyewe unatembelewa. Na kwa kuwa Jumapili ni ya kanisa, ilikuwa lazima iwe Jumamosi.

Jumamosi walikuja watu arobaini na wawili, pamoja na mpiga ngoma aliyekuwa pia mpiga filimbi, kwa mikono tofauti. Nazario alitangulia na fimbo yake yenye kichwa cha fedha, na hati ya zamani ya babu Collazos ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye alama ya kwanza Magna aling'oa jani moja kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye supu.

"Ng'oa kama mwenye njaa, binti!" alipiga kelele Eleuterio. "Hilo jani utaliumiza roho bure."

Kwenye alama ya pili, chini ya mkaratusi, Magna alirusha bonge la udongo kwa hasira likatua kwenye kofia ya Eleuterio.

"Haya, na kofia yangu umeimiliki?"

Watu walicheka, pombe ya mahindi ikamwagwa kidogo chini kwa ajili ya ardhi na kwa wingi kooni kwa ajili ya watu, wakashuka hadi alama ya tatu na ya mwisho. Nazario alikohoa, akasoma: "Kutoka kwenye mkaratusi kuteremka hadi jiwe bapa lenye alama kama mguu wa jogoo, na hapo lilipo jiwe ndipo inapoishia ardhi ya Collazos na kuanza ardhi ya Picón."

Waliangalia chini. Jiwe halikuwepo. Kulikuwa na viazi vya Mwalimu, kisha ukanda wa nyasi, kisha viazi vya Eleuterio.

"Limezama," alisema Eleuterio mara moja. "Baba yangu aliniambia. Alisema lile jiwe lilizama, ardhi ya huku ina kiu."

Hapakuwa na wa kumpinga. Mara ya mwisho mpaka ule kutembelewa ilikuwa miaka arobaini na sita iliyopita, Abdías alipopewa shamba na baba yake, na waliokuwepo siku ile walikuwa wamekwishahamia makaburini, isipokuwa Mwalimu, ambaye siku ile alimtazama Abdías, si mawe. Zikaletwa sepetu. Walichimba mashimo matano, wakapata kiatu kimoja cha farasi na sufuria isiyo na kitako, ambayo mwanamke mmoja aliitambua kuwa ya mama yake akaanza kulia.

Mwalimu Etelvina hakuwa anatazama mashimo. Alikuwa amesimama wima na mkoba wake, uso mkavu, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinasugua hewa. Mguu wa jogoo. Michirizi mitatu mbele na mmoja nyuma. Vidole vile viliijua michirizi ile kuliko vilivyojua rozari. Kila asubuhi kwa miaka arobaini na sita alimimina chumvi kwenye ule wa katikati kabla ya kuanza kusaga pilipili, akidhani ni kasoro ya mchongaji.

Jiwe lilikuwa jikoni kwake.

Tena wakati huohuo Fidencia, mke wa Eleuterio, alikuwa amepiga magoti mbele yake akisaga pilipili za karamu, kwa sababu desturi inataka siku ya makabidhiano pilipili isagwe na mke wa jirani, ili chakula kisije kuwa na kinyongo.

"Tuchimbe na kule juu," alisema Mwalimu. "Tuchimbe mpaka jioni."

"Mwalimu, mwenye njaa hatafuti jiwe," alijibu Nazario akijifuta jasho. "Twende tukale. Tukirudi tutakuwa na nguvu ya kuendelea kutoliona."

Hapo Mwalimu Etelvina akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku mkaguzi wa elimu alipofika bila taarifa. Alikimbia. Alipanda ule mteremko, sketi kaikunja mkononi, na watu wa nyuma wakasifu jinsi mwalimu anavyowahi kukirimu wageni wake.

Aliingia jikoni akihema, akavuta kitambaa cheupe cha meza kutoka sandukuni, akakitupia juu ya jiwe na kila kilichokuwa juu yake.

"Mwalimu!" Fidencia aliruka. "Mbona unaifunika pilipili? Bado haijalainika!"

"Imelainika vya kutosha."

Alichukua picha ya Abdías ukutani, ile ya utepe wa mgawa maji kifuani, akaisimamisha katikati ya kitambaa na kuwasha mshumaa.

"Leo ni siku yake pia," alisema. "Lazima awepo."

Fidencia alimtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyepanda paa. Lakini alikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi wa Mwalimu Etelvina hakuwa na mazoea ya kuuliza mara mbili.

Wageni waliingia, wakakuta picha na mshumaa, wakavua kofia. Wale wa mbele walipiga magoti, na wale wa nyuma wakapiga magoti kwa kuwa wa mbele wamepiga. Ndipo doa jekundu lilipotokea kwenye kitambaa cheupe, chini kabisa ya kifua cha Abdías. Likakua. Likawa na miguu miwili, likaanza kuteremka.

"Anatoka damu!" alisema mtu kwa sauti ya chini.

"Marehemu anatoka damu!" akapokea mwingine, na hiyo haikuwa ya chini hata kidogo.

Mwanamke wa ile sufuria akaanza sala. Mpiga ngoma akapiga ngoma, kwa kukosa la kufanya. Mwalimu Etelvina, aliyekuwa amepigana na ushirikina darasani kwa miaka thelathini na minne, alisimama kando akiona muujiza unazaliwa jikoni kwake, na kwa muda mfupi, ambao baadaye aliuonea aibu kuliko yote, alitamani uendelee.

Eleuterio alisogea, akachovya kidole kwenye doa, akalamba.

"Damu ya marehemu ina kitunguu saumu," alisema.

"Ni pilipili yangu hiyo inapotea!" alilia Fidencia. Akaiondoa picha, akakivuta kitambaa, akakomba pilipili kwa kiganja kuiokoa. Jiwe likabaki wazi mbele ya watu arobaini na wawili, limelowa, jekundu, na katikati yake, ukucha kwa ukucha, mguu wa jogoo.

Wanawake wa Rayancancha walikuwa wameliona jiwe lile maisha yao yote. Lakini hakuna aliyekuwa amesikia ile hati ikisomwa mpaka asubuhi ile.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Eleuterio.

"Nazario. Hebu soma tena pale mwisho."

"Na hapo lilipo jiwe," alisoma Nazario polepole, "ndipo inapoishia ardhi ya Collazos na kuanza ardhi ya Picón."

"Na jiwe lipo wapi?"

Nazario alitazama hati, akatazama jiwe, akatazama hati tena, labda imebadilika.

"Lipo jikoni."

"Basi niko kwangu!" alisema Eleuterio, akafungua mikono. "Karibuni, jamani, karibuni! Msisimame mlangoni kama watu baki."

"Nazario, usimsikilize," alisema Magna. "Huo ni upuuzi."

"Dada Magna, mimi nifanyeje?" Nazario alimgeukia Mwalimu, macho yakimwomba radhi. "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Soma kilichoandikwa, usisome unachokitamani."

Ni kweli aliwafundisha hivyo. Kwa rula.

Eleuterio alikwenda akaketi kwenye kiti cha Abdías, akanyoosha miguu.

"Jiko langu lina moshi," alisema akitazama dari. "Nitabomoa ukuta huu. Na vigae vile viwili vimepasuka, sijui nilikuwa wapi siku zote."

"Na mama yangu atakwenda wapi?" Magna aliuliza.

"Mwalimu abaki, abaki! Mimi si mkatili. Atakuwa mgeni wangu."

"Eleuterio," aliita Fidencia, mikono ingali myekundu hadi viwiko. "Kama jiko ni lako, karamu ni yako."

"Eeh?"

"Mwenye jiko ndiye anayelisha. Watu wako arobaini na wawili, wana njaa tangu asubuhi. Simbilisi waliochomwa ni wa Mwalimu, ataondoka nao. Viazi ni vya Mwalimu. Pombe ni ya Mwalimu. Wewe utawapa nini, hewa? Maana nyumbani kwetu nimeacha kabichi moja, na nusu yake ina wadudu."

Vichwa arobaini vilimgeukia Eleuterio. Vilikuwa vichwa vya watu waliochimba mashimo matano. Eleuterio alinyanyuka taratibu, akakipangusa kiti kwa kofia.

"Nilikuwa nakijaribu tu," alisema. "Kigumu."

Watu walicheka. Kicheko kilipokwisha, kila mtu alibaki na lile ambalo hakutaka kulisema. Jiwe halitembei. Na aliyelitembeza alikuwa pale kwenye picha, na utepe wake kifuani, na huko makaburini alikuwa na maneno yake.

Nazario ndiye aliyejaribu kumsitiri. Alifungua daftari la kumbukumbu za kijiji, akachomoa kalamu nyuma ya sikio.

"Mimi naona," alianza, "ni ile mvua kubwa. Mwaka ule wa matope. Mto ulifurika, ukalibeba jiwe."

"Mto uko chini," alisema Magna. "Hatua mia tatu kutoka hapa."

"Ulipanda."

"Ukaingia na mlangoni?"

"Mlango ulikuwa wazi," alisema mtu wa nyuma, kwa upole.

"Mimi niliuona," aliongeza Eleuterio, na sasa hakuwa na mzaha. "Niliuona ukipanda kwa macho yangu. Nilikuwa mdogo, lakini niliuona."

Watu wote waliitikia kwa vichwa. Mmoja akakumbuka hata sauti ya maji yakipita zizini kwake. Walikuwa wanamsitiri Abdías kwa mikono yote, watu arobaini na wawili waliokuwa tayari kuapa kwamba mto ulipanda mlima, ukafungua jiko na kuacha jiwe karibu na mafiga, upande ulio sawa. Kilichobaki ni sahihi ya Mwalimu. Angetia sahihi, binti yake angepata shamba kabla jua halijazama, na kaburi lingebaki lilivyo.

Mwalimu Etelvina alilitazama daftari. Nazario alirudia darasa la nne kwa sababu kwenye mtihani aliandika kwamba mito hutoka baharini kwenda milimani. Miaka thelathini na mitano baadaye alikuwa anamletea insha ileile aisahihishe, na safari hii alitakiwa ampe alama zote.

Alivaa miwani. Akaivua.

"Nazario, maji hayapandi mlima."

"Mwalimu, kwa leo tu..."

"Nilikwambia ukiwa na miaka tisa, nakwambia tena leo. Andika. Jiwe la mpaka lilihamishwa na Abdías Collazos, mume wangu."

Kalamu haikusogea.

"Andika. Tena usiishie hapo. Andika kwamba mkewe alipofunga ndoa alikataa kuhamia humu. Alisema nyumba isiyo na jiwe la kusagia ni kibanda, naye hakusomea ualimu akaishi kibandani. Akakaa kwa shangazi yake wiki mbili, jiwe likaja. Akaambiwa limenunuliwa kwa wachonga mawe wa bondeni. Na mke hakuuliza lolote, kwa sababu jiwe lilikuwa zuri. Hilo nalo liandike. Bila koma nyingi."

Magna alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

"Lakini Mwalimu," alisema Eleuterio kwa sauti ya chini, "kule kaburini..."

"Kaburi ni la kwangu. Nitajua la kufanya. Sasa kuleni, halafu mlirudishe jiwe linakokaa."

Walikula wakiwa wamesimama, haraka, kwa adabu. Kisha wanaume wanane walipitisha miti miwili chini ya jiwe wakalinyanyua, pilipili ikiwa bado juu yake, kwa kuwa Fidencia aliapa kwamba kazi yake haitamwagwa. Jiwe likateremka mlimani kama sanamu ya mtakatifu siku ya sikukuu, ngoma mbele, na watu pembeni wakichovya viazi kila lilipowapita.

"Pole pole huko mbele, sijapata!"

"We umechovya mara tatu, Mungu anakuona!"

Walipofika chini wakakutana na shida nyingine. Alama imerudi, lakini irudi wapi? Eleuterio alionyesha mahali karibu na viazi vya Mwalimu. Mwingine alionyesha mbali zaidi. Yale mashimo matano yalikuwa yamevuruga kila kitu, na wabebaji walianza kusema kwamba wao wataliweka popote mikono itakapoachia.

"Bila alama siwezi kukabidhi," alisema Nazario. "Na keshokutwa fimbo inaniponyoka."

Magna alivua viatu. Akampa mama yake mkoba, akampa na miwani yake, akafunga kifungo cha juu cha ile suti ya rangi ya maziwa.

"Naanzia wapi?"

"Magna, mwanangu, si lazima..."

"Mama, umeshasema mbele ya watu wote. Mimi nimebakiza nini cha kuficha? Naanzia wapi?"

"Chini ya mkaratusi," alisema Nazario, "halafu unateremka."

Akalala, akajisukuma. Mwanzoni aligaagaa kama mtu anayegeuka kitandani, kisha mteremko ukamchukua. Alipita viazi vya mama yake, akapita ukanda wa nyasi, akaingia kwenye viazi vya Eleuterio bila hodi, tuta la kwanza, la pili, la tatu, watu wakimfuata mbio wakihesabu kwa sauti. Baada ya tuta la nane ardhi ilimmeza kidogo, akakwama chali kwenye bonde dogo lenye ukubwa wa meza, mikono nje, suti imekuwa ya rangi ya ng'ombe.

"Hapa pana shimo," alisema kutoka chini. "Tena la zamani."

Hapakuwa pageni. Ni pale ambapo kila mwaka maji hutuama na viazi vya Eleuterio huoza, na kila mwaka yeye hulaani mbegu. Wakamvuta Magna, wakaondoa mashina, wakalishusha jiwe. Likakaa kama kifuniko kwenye chungu chake.

Watu walimtazama Eleuterio. Matuta manane. Baba yake alipoona jiwe halipo alisukuma plau kidogo, akasema limezama. Na mwana naye akasukuma kidogo kila masika, bila nia mbaya, kama mtu anavyosogea kwenye benchi la kanisa.

Mwalimu Etelvina alisimama pale akikumbuka. Kila jioni, kabla ya kula, Abdías alikuwa na mazoea ya kushuka peke yake hadi ukingoni mwa shamba na kusimama. Alidhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu matuta ya Picón yakija. Na angesema nini? Angesema alama imepotea, wangemuuliza ilipo. Kwa miaka thelathini na saba aliitazama ardhi yake ikiliwa, kisha akapanda nyumbani, akaketi kwenye kile kiti kigumu, akasema, "Etelvina, niongeze pilipili."

"Kuna anayepinga?" aliuliza Nazario, fimbo juu.

Eleuterio alitazama viazi vyake.

"Kuna anayepinga?"

"Mzee Eleuterio, limezama tena hilo?" alitania mtu, na Fidencia akacheka kwanza kabla ya wote.

"Kuna anayepinga?"

Eleuterio aligeuza kofia yake mikononi. "Hapana," alisema. "Ila... hivi viazi nani atavivuna?"

"Aliyepanda avune," alisema Mwalimu. "Mwakani apande kwake."

Ndivyo Magna Collazos Roldán alivyolipata shamba, akiwa na udongo masikioni. Jumapili alirudi Huaraz na suti ndani ya mfuko. Jumatatu Eleuterio alishika fimbo, na hukumu yake ya kwanza ilikuwa kwamba mipaka yote ya kijiji itatembelewa kila mwaka. Wiki ile wake wa kijiji wakakagua majiko yao, na inasemekana mawe mawili, kizingiti kimoja na kitako cha tanuri vilirudi mashambani kimyakimya.

Mwalimu Etelvina alimwita fundi yule yule. Fundi alitaka kujua kama afute maneno ya zamani.

"Hufuti kitu. Unaongeza."

Tatizo ni kwamba miaka tisa iliyopita, kwa kumpendeza, fundi alichonga herufi kubwa zikajaza jiwe zima. Chini palibaki nafasi ya vidole viwili. Akauliza kama walete jiwe jingine. Mwalimu alisema mawe yaliyokwishahamishwa katika ukoo ule yanatosha. Fundi akalala kifudifudi, akachonga kwa patasi yake ndogo kabisa, na Mwalimu akasimama nyuma yake mpaka mwisho. Leo panasomeka: HAKUHAMISHA MPAKA WA MTU, na chini, kwa herufi ndogo kama za kitabu cha sala, "ila wake mwenyewe, kwa ajili ya mkewe."

Fundi aliomba radhi kwamba maneno hayaonekani ukiwa umesimama.

"Vizuri hivyo," alisema Mwalimu Etelvina, akafunga mkoba. "Anayetaka kuijua aibu ya nyumba yangu, apige magoti kwanza."